Waya Niliouunga Miguuni kwa Mama

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu kwa siku nyingi niliwaacha watu waamini ni la mtu mwingine.

Nina digrii, na nina tabia ya kubishia kila kitu. Mama ananunua karoti na kabichi Mgeta, anauza Morogoro mjini, na mimi ndiye nilikuwa dereva wake kwenye pikapu yetu kuukuu ya dizeli. Mwaka huu ikaanza kuzima yenyewe barabarani. Leo inazima, kesho haizimi. Ukisimama ukapiga stata, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Nikaipeleka Kihonda kwa Fundi Mkude, mzee wa umeme wa magari. Hakufungua chochote. Alivuta waya kutoka kwenye pampu ya dizeli, pale umeme unapofika ili mafuta yapite, akaning'iniza taa ndogo mbele ya usukani.

"Endesha hivyo hivyo," akasema. "Injini ikizima, tazama taa. Ikizima nayo, ni umeme. Ikibaki inawaka, tutatafuta kwenye mafuta."

"Shikamoo nimekupa, fundi, lakini hii si ramli kweli?"

Mafundi wenzake wakacheka. Yeye akajibu, "Ramli ni kutibu usichokiona, msomi."

Safari ya pili injini ilizima kwenye kona, taa ikazima nayo. Mzee alikuwa sahihi. Nilipompa habari akasema sasa tunajua ni waya, ila bado hatujui umeachia wapi. Nimwachie gari siku mbili afungue dashibodi.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, soko la wiki kule Mgeta, na mama asingekubali kulikosa. Nikajiuliza: kama ni waya tu, kwa nini nisiweke mwingine?

Nikavuta waya mpya kutoka betri, nikaupitisha kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na viti hadi ndani, kwenye swichi niliyoifunga chini upande wa abiria, kisha nikaurudisha kwenye pampu. Sikuweka fyuzi. Hata mpira wa kuukinga waya kwenye lile tundu sikuweka. Gari likawaka vizuri, nikajiona fundi.

Tulipanda Mgeta salama. Wakati wa kushuka, mzigo umejaa nyuma, mama akaniuliza, "We, mbona miguuni kwangu panafuka?"

Sijajibu, injini ikafa. Kwa woga nikakanyaga klachi, gari likaachia mteremko. Breki nilikanyaga mara mbili, mara ya tatu, bila nguvu ya injini, ikawa ngumu kama jiwe. Usukani ukawa mzito. Kulia kulikuwa na korongo, chini yake naona vilele vya migomba. Moshi umejaa, mama anaita, "Yesu, Maria, Yosefu!"

Nikaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo kushoto. Likasimama, lakini ukingo ukaubana mlango wa mama, na ule waya ulikuwa bado unaungua, plastiki yake inamdondokea miguuni. Khanga ikashika moto. Nilimburuta kupitia mlango wangu akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mzima. Kisha nikaung'oa waya kwenye betri kwa mkono mtupu.

Bati lilikuwa limekata ngozi ya waya, na bila fyuzi hakukuwa na kitu cha kuukatia umeme.

Hospitalini mama akauliza, "Fundi wako alifunga nini pale miguuni?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Neno hilo linaniogopesha kuliko lile korongo. Wauza mboga wenzake walisambaza sokoni kwamba waya ule ni kazi ya Mkude, na wenye magari wakaanza kumkimbia. Yeye mwenyewe alikuja nyumbani kumpa mama pole, amebeba machungwa. Mama akageukia ukutani. Mzee akanitazama. Gari alikuwa ameshaliona, na kazi ya mkono wake anaijua. Alisubiri niseme. Nikatazama sakafu hadi akaaga.

Siku tisa kila aliyebisha hodi nilidhani amekuja kunitaja. Ya kumi nikamwambia mama. Hakunigombeza. Akasema, "Ita bajaji. Twende Kihonda."

Alifika na bandeji miguuni. Mbele ya mafundi wote akasema, "Mwanangu ana neno." Nikalisema.

Fundi Mkude akauliza tu, "Tundu uliliwekea mpira?"

"Hapana."

"Fyuzi?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akamletea mama kigoda. Mimi hakuniambia nikae.

Wenzangu mnaojiona mna akili, gari likizima lenyewe kisha likawaka tena, msiunge waya ili siku ipite. Mwacheni fundi alitafute tatizo mpaka alione. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla hamjaulizwa.

Sasa mama anakwenda Mgeta kwa gari la watu. Kila akiondoka, nakaa na simu mkononi mpaka arudi.