Mgongo wa Kaka kwa Wino wa Masizi

Miaka ile ya vita nilikuwa mwanafunzi mkubwa wa shule ya jioni ya kuchora huku Bulengera, na kwa wino nilikuwa nawashinda Wakongomani wote, Kinshasa ikiwemo. Wino nilitengeneza mwenyewe: masizi ya sufuria na utomvu wa mgomba, ule ukishika shati unazikwa nalo. Nilisaga masizi mpaka mbuzi wa jirani wakapiga chafya nyeusi. Kalamu sikutaka. Nilipiga alama kwa gunzi la mahindi, kwa unyoya wa kuku, kwa nyuzi za mgomba nilizotafuna ncha, juu ya karatasi za mifuko ya simenti. Mwalimu alisema mstari uwe na pumzi. Basi donc, nilipumua.

Halafu kaka yangu mkubwa akauawa njia ya Beni, akisukuma kabichi kwa tshukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Wenzake walimzika hukohuko. Picha zake mbili zilikuwa zimepotea tulipokimbia kutoka Kirumba. Na meza ya matanga bila picha, batu wanalilia nani? Mama akaniita.

"Weye unasemaka unajua kuchora. Unipatie sura yake. Kesho asubui batu watakuja."

Nilifanya kazi siku nzima. Gunzi lilitoa mzigo, unyoya ukatoa vumbi, nyuzi zikatoa mgongo wa kaka uliopinda akipanda mlima. Alikuwa yeye kabisa! Asubuhi nikaiweka mezani kati ya maua, natabasamu kama bwana harusi.

Shangazi aliinama kuangalia. "Ni kuku ndiye alipita hapa na matope mu miguu?"

Batu wakacheka, matangani. Mama hakucheka.

"Sura iko wapi?"

"Mama, ni mtindo. Angalia mgongo..."

"Mi hapana kuzala mugongo. Nilizala mutu."

Akaigeuza karatasi, akaweka juu yake kofia ya kaka.

Sikumwambia ukweli: sura sikujua kuchora. Makelele yangu yote ya pumzi yalikuwa ya kukwepa kuchora macho na pua.

Baadaye nilijifunza kuchora sura, kwa miezi mingi. Siku moja nikaketi na karatasi safi, nikamuuliza mama, "Pua yake ilikuwa pana, ama kama yangu?"

Mama akafikiri mpaka chai ikapoa.

"Kama ya baba yako." Kisha: "Hapana."

Mimi pia sikuiona tena pua hiyo akilini. Nikaenda kuitoa ile karatasi ya simenti. Utomvu haukufifia hata kidogo. Mgongo uleule unapanda, umetupa kisogo.