Uji wa Shayiri wa Waogiek

Nilikuwa mpakuaji wa chakula kwenye kantini ya shule moja hapa Doha. Siku moja mwalimu aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia mimi ni Mogiek, wa msitu wa Mau, Kenya, watu wa asali. Kesho yake nikaitwa mkutanoni.

"Tunaandaa siku ya jamii za asili," mwalimu alisema. "Tungependa watoto wale chakula cha kwenu."

Nilifurahi kwelikweli. Nikataja asali ya mzinga na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Msimamizi wa jikoni, mama wa Mombasa, aliandika, kisha akavikata kwa kalamu. Asali isiyo na lebo hairuhusiwi. Moshi utaamsha king'ora.

"Dada, hamna kingine mnachokula?" aliniuliza kwa upole.

"Ugali."

"Huo kila mtu anakula. Hauna uasili."

Mwishowe wakakubaliana juu ya uji wa shayiri wenye sharubati ya tende. Ubaoni wakaandika: Chakula cha Waogiek. Mimi uji wa shayiri niliuonja mara ya kwanza nilipofika Qatar. Siku yenyewe nilivishwa shuka la madoa ya chui, kibandiko cha bei kikiwa bado shingoni, nikasimama nyuma ya sufuria.

Msichana wa darasa la tatu akaniuliza, "Shayiri mlikuwa mkiilima msituni?"

Mwalimu alinitazama. Nikashindwa kudanganya. "Hapana, mwanangu. Hiki ni chakula cha hapa."

"Chenu ni kipi?"

Nikamweleza jinsi baba alivyopanda mti na mwenge wa moshi mkononi, na jinsi mahari ya mama ilivyolipwa kwa asali. Foleni ikasimama. Watoto wa nyuma wakasogea kusikia, wakauliza nyuki walimuuma wapi, na baba alilia au hakulia. Kengele ikalia kabla hata nusu yao hawajala. Uji ukapoa.

Nilijua nitafukuzwa. Badala yake ofisi ikaniletea barua ya shukrani. Walisema siku ile ilifana mno, kwa hiyo uji wa Waogiek utapikwa kila Jumanne, na wakaniomba niwaandikie namna ya kuupika.

Nikamuuliza msimamizi mapishi, nikayanakili, nikatia sahihi.

Nikampigia mama simu, nikamweleza habari ya uji huo.

"Na ni mtamu?" akauliza.

"Mtamu, mama."

"Basi nifundishe," akasema.