Nilinyoosha Mkono Msibani

Nianze na upumbavu wenyewe, maana darasa zima limeshausimulia na kila mmoja ameongeza chumvi yake: nilinyoosha mkono msibani. Sikuwa najikuna kichwa, kama nilivyojitetea baadaye. Niliunyoosha juu kabisa, kidole kimesimama, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, mbele ya wazee waliokaa kwenye nyasi na mbele ya baba aliyemzika mtoto wake asubuhi ile. Na yeye, Mungu amhurumie, akanichagua.

Baba huyo ni mwalimu wetu. Tulimwita Mgiriki, ingawa alizaliwa Muleba kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama watu wengine. Alikuwa profesa wa chuo kikuu Dar es Salaam, akifundisha falsafa ya Wagiriki wa kale, akaomba likizo ya mwaka mzima arudi nyumbani kwa sababu ya binti yake. Mtoto huyo alikuwa wa pekee, na tangu mama yake afariki alilelewa na bibi yake huko Muleba. Alikuwa na ugonjwa wa damu, ule unaovimbisha vidole na kugeuza macho kuwa ya manjano. Daktari alimshauri baba akae naye karibu. Daktari akisema hivyo, hata sisi wa kukaa viti vya nyuma tunaelewa.

Shule yetu ya Bukoba wakati huo haikuwa na mwalimu wa siasa. Wetu alikuwa amechukuliwa kwenda kusimamia watu wanaohamia vijiji vya ujamaa. Mkuu wa shule akamwomba profesa ashike vipindi hivyo, na kila Alhamisi jioni apande basi kwenda kwa mtoto. Tukakaa na madaftari yetu, tayari kukariri maadui wa taifa. Akaingia mtu mwembamba, mikono nyuma, akauliza:

"Mnajuaje kama mko macho?"

Mmoja aliyekuwa amesinzia karibu na dirisha akaruka na kusema, "Niko macho, mwalimu!" Tukacheka mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta. Mgiriki hakucheka. Alimsogelea yule kijana akamuuliza kwa upole, "Na dakika moja iliyopita, ungejibu nini?"

Tangu siku hiyo tukawa wake.

Saa za elimu ya kujitegemea alikuja nasi kwenye kahawa ya shule, akapalilia huku akiuliza maswali. Siku moja aliuliza ujasiri ni nini. Kiranja akasema ni kutoogopa. Mgiriki akasema kichaa haogopi gari, je, tumpe nishani? Mimi nikadakia, "Ujasiri ni kula maharage ya bweni bila kuangalia ndani ya sahani." Walimu wengine wote wangenipa fimbo na choo cha kusafisha. Yeye akaegemea jembe, akafikiri kwelikweli.

"Kwa hiyo jasiri ni yule asiyetaka kujua? Au yule ambaye ameshaangalia ndani na bado anakula?"

Nilitembea siku mbili kifua mbele. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuchukua mzaha wangu akaukuta una kitu ndani. Baada ya hapo nilinyoosha mkono kila kipindi, na kila mara alisema, "Ndiyo, wewe," sauti yake ikiwa kama ya mtu aliyekuwa akinisubiri.

Somo tulilolipenda kuliko yote ni la yule mzee wa Kigiriki aliyehukumiwa kunywa sumu kwa kuuliza watu maswali sokoni. Rafiki zake walikuwa wakilia, yeye akawagombeza. Kwa nini mnalia? Roho haifi, mwili ni kama shati. Mgiriki alilisimulia akitembea, na alipofika kwenye kikombe alishika kopo la chaki akalinyanyua, na darasa zima tukameza mate. Tulitoka pale tukiambiana, "Wewe ukifa mimi silii ng'o, ni shati tu."

Binti yake alikuja darasani mara moja, siku alipoletwa mjini hospitali. Alikaa juu ya debe tupu karibu na ubao, soksi zake nene, miguu haifiki chini. Baba yake akamuuliza mbele yetu, kama mwanafunzi mwenzetu, "Mtu akilala, anakwenda wapi?"

"Haendi popote, baba. Yuko kitandani."

Tulipiga makofi. Mgiriki akaliandika jibu ubaoni, na lilikaa pale mpaka likafifia lenyewe. Hakuna aliyethubutu kulifuta.

Mtoto huyo alifariki wakati wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Tulipelekwa mazishini kwa lori la shule, lile la kuni, na pale Nshambya, kwetu, tukampandisha mama yangu pamoja na shangazi, dada yake baba, kwa sababu ukoo wetu na ukoo wa Mgiriki ni watani tangu enzi za babu zetu. Njiani nilitania kila kitu, mpaka mashimo ya barabara. Nadhani nilikuwa naogopa. Kwenye kaburi, katikati ya migomba, hakuna aliyetania. Jeneza lilikuwa dogo sana. Wanaume wawili walilibeba, na mmoja angetosha.

Baada ya kuzika, watu wakakaa kwenye nyasi. Mgiriki alikaa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, anatazama mikono yake. Hapo shangazi akaanza kazi ya mtani, kuwachekesha wafiwa. Alivaa koti la Mgiriki, akaweka mikono nyuma, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa mwalimu, wa kunyanyua miguu kama ndege korongo.

"Ninyi hapo!" akasema. "Mnajuaje kama mko hai? Wewe mzee, thibitisha!"

"Nina njaa, waitu, jamani," akajibu mzee mmoja.

"Hilo si jibu, hata kuku ana njaa!"

Watu wakacheka na kujifuta machozi. Na Mgiriki pia, nilimwona kwa macho yangu, mdomo ukasogea kidogo upande mmoja. Nikafurahi. Nikajiambia, hata mimi ni mtani wake, damu ni ile ile ya shangazi. Na mimi najua mizaha anayoipenda kuliko mtu yeyote hapa.

Ndipo nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, wewe," akasema. Kwa sauti ile ile.

"Mwalimu, kama roho haifi na mwili ni shati, tunalia nini?"

Nilitegemea kicheko. Wenzangu walikuwa wanatazama viatu vyao, na shangazi akavua lile koti taratibu.

Mgiriki hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliniangalia kama alivyoniangalia kule kwenye kahawa, akajiweka sawa, akainua mkono ambao kwa kawaida ungekuwa na chaki.

"Swali zuri," akasema. "Tuanze mwanzo. Tunaposema roho..."

Akakoma. Akaanza tena. "Tunaposema roho, tuna maana ya..." Midomo iliendelea kwenda lakini sauti haikutoka. Alijaribu mara ya tatu, kwa sababu mwanafunzi alikuwa ameuliza na yeye hajawahi kumwacha mwanafunzi bila jibu. Kisha akajifunika uso na kile kitambaa, na mtu yule mwembamba akalia kwa sauti ambayo sikujua kama imo ndani yake. Ndugu zake wakamwinua wakamwingiza ndani.

Hajarudi shuleni. Wanasema likizo yake haijaisha ila hafundishi tena, anakaa kibanjani na bibi wa mtoto. Kipindi cha siasa tunacho na mwalimu wa kilimo, tunakariri maadui wa taifa, na mimi sinyooshi mkono.

Lakini siku ile ya msiba, Mgiriki alipoingizwa ndani, mzee mmoja alinishika sikio akanipeleka uani, walikokuwa akina mama, akaniacha mbele ya mama yangu. Alikuwa anamenya ndizi. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu uani na mbele vilitenganishwa na ua wa matete tu. Nilisimama nikisubiri kofi, nikiwa nimeshachagua shavu. Hakuinua kichwa. Alimaliza ile ndizi, akaitupa kwenye sufuria, akachukua nyingine, na akasema kwa Kihaya maneno haya, sijaongeza wala kupunguza:

"Dada yako alipofariki, wewe ulikuwa huna meno ya mbele. Kila asubuhi uliniuliza atarudi lini, na kila asubuhi nikakujibu kesho. Nimebatizwa mimi. Najua roho haifi, na bado nilikujibu kesho. Haya, niletee kuni."