Konokono na Mshale wa Oili

Madereva wenzake walimwita Konokono, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Konokono, alisema, hajawahi kuonekana kapinduka mtaroni na mzigo wa watu. Lori lake lilikuwa kuukuu, la bodi ya mbao, rangi ya bluu imebabuka mlangoni pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Barabara kuu iliponyooka na wenzake wakakanyaga mafuta mpaka mabodi yakapiga kelele, yeye alibaki upande wake, jicho moja barabarani na jingine kwenye geji ya oili. Waliompita walimpigia honi. Aliwapungia mkono.

Wala tusimzulie uoga. Alijua anachokifanya. Injini ikishazeeka, nafasi kati ya chuma na chuma hupanuka, na oili ikipata moto huwa nyepesi kama maji. Ukiilazimisha injini hiyo kuzunguka kwa kasi mwendo mrefu, oili hurushwa juu na kuchelewa kurudi chini, na pampu inabaki ikifyonza hewa. Presha inashuka, mshale wa geji unalala, vyuma vinasagana vikavu, na injini inaanza kugonga. Ikishagonga, ndiyo basi tena. Wengi wa wale wapiga honi aliwakuta mbele ya safari wamekaa kando ya barabara, wameshika tama.

"Mwenda pole hajikwai," alimwambia mkewe kila alipofika nyumbani chakula kimeshapoa.

"Na chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," mkewe alimjibu. Kisha wote wawili walimgeukia binti yao wa pekee, aliyekuwa na masikio yaleyale ya baba yake, yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, wakacheka mpaka mtoto akanuna.

Alikuwa na tabia ya kupiga hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mkewe alikuwa na jibu lake. "Karibu, mgeni wa jana," alisema kutoka ndani. Binti aliolewa akahamia mji wa pili, magoti ya Konokono yakaanza kulalamika kila akipanda lori, lakini hodi na jibu lake havikubadilika.

Sasa, kuna kipimo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho ndicho kinachoipelekea geji habari za presha. Mwaka mmoja kilianza kuvujisha oili. Fundi wake wa siku zote alikuwa amesafiri kwenda kwao. Konokono akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akapata kipimo kilichotolewa kwenye lori la aina nyingine, akakifunga mwenyewe. Kikaingia bila ubishi, kuvuja kukakoma, akajifuta mikono na kujisifu. Tangu siku hiyo mshale ulisimama chini ya pale alipouzoea, na injini ikipata moto barabarani ulikwenda kulala kwenye alama nyekundu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo dereva mzembe asingeweza kulifanya, kwa sababu mzembe haitazami geji. Yeye aliitazama na akaiamini. Alisema moyoni, kumbe injini nayo imechoka kama mimi. Kushuka kwa mshale akakuona ni uzee tu, na uzee hakuzoea kuudai maelezo. Akapunguza mwendo zaidi. Mkewe akamwambia kwamba akiendelea hivyo, siku moja ataanza kurudi nyuma.

Mkewe alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Akapata nafuu, akamfukuza mumewe pale kitandani. "Nenda kazini, usinikalie hapa unatazama dripu kama geji yako," alimwambia. Alikwenda, akashusha mzigo, na alikuwa anarudi na lori tupu simu ilipoita. Alikuwa binti yake.

"Baba, mama kabadilika. Anakuulizia wewe tu. Kimbia, baba."

"Nakuja, mwanangu."

Akakanyaga. Injini ikapandisha sauti, na mshale ukaanguka kwenye nyekundu, ukalala kabisa. Akaachia mguu, ukainuka kidogo. Akakanyaga tena, ukalala tena. Pori mbele, pori nyuma. Likinifia hapa, aliwaza, sitafika kabisa. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na kama mshale ungekuwa unasema kweli, lingekuwa wazo sahihi. Akarudi kwenye mwendo wake wa siku zote. Magari yalimpita, na kama yalipiga honi, hakuyasikia.

Alipoingia wodini, muuguzi alikuwa anageuza godoro. Binti alisimama dirishani ameshika ndala za mama yake.

"Hata leo, baba?" alisema.

Konokono alisubiri uchungu umjie, na haukuja. Makaburini alitazama mpini wa koleo uliokuwa unacheza, akawaza kwamba unahitaji msumari. Watu walimshika bega na kumwambia ajikaze. Hakuwa na kitu cha kukaza wala cha kulegeza. Mwili wote ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alikula alichowekewa. Alilala upande wake wa kitanda, hakusogea katikati. Jioni, akitoka kazini, alipiga hodi kwa mazoea, akasimama kidogo, halafu akatoa ufunguo mfukoni.

Binti hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Kila baba yake alipopita kumwona alisema "Shikamoo baba", akaitikiwa "Marahaba", akampa kiti, na kisha akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na chumba chake cha kazi kilijaa vitambaa vya rangi moja. Siku moja, bila kuinua uso, alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Baba, nikuulize. Gari lingeweza kukimbia siku ile?"

"Mshale ulikuwa chini, mwanangu. Lingenifia njiani."

"Mimi mambo ya mishale siyajui. Nataka kujua kama lingeweza. Kama lilikuwa haliwezi, basi, nitayaacha haya mambo. Nimechoka kukununia. Lakini kama lilikuwa linaweza, na wewe ukalionea huruma gari kuliko mama..." Hakumaliza. Akaachia gurudumu, cherehani ikaendelea.

"Fundi amesharudi," Konokono alisema. "Litapimwa. Nitakuletea jibu."

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipofungua kile kipimo ubavuni mwa injini na kukigeuza mwangani, maneno yalimwishia. Alikiweka juu ya kitambaa. Akachukua geji yake mwenyewe, ile yenye mpira mrefu, ambayo hufungwa moja kwa moja kwenye injini na haitegemei habari za mtu wa kati. Wakaliacha lori lingurume mpaka oili ikapata moto wa safari. Konokono alikaa kwenye usukani, mlango wazi.

"Kanyaga," Fundi alisema.

Akakanyaga.

"Zaidi. Shikilia hapo hapo."

Injini ililia kwa sauti ambayo Konokono hakuwahi kuiruhusu idumu. Alishikilia. Sufuria ya boliti ilitetemeka mezani. Hakukuwa na kugonga, hakukuwa na moshi. Akainama nje ya mlango na kuitazama geji mkononi mwa Fundi. Mshale ulikuwa umesimama juu kabisa, umetulia.

Fundi aliona anatazamwa. Akaifunika geji kwa kiganja.

"Zima, kaka."

Konokono akazima.

"Iko chini," Fundi alisema, akitazama viatu vyake. "Presha iko chini mno. Ulifanya sawasawa kabisa. Ungekimbia lingekufa. Mwambie binti hivyo hivyo."

Konokono alikuwa amesoma geji maisha yake yote, na hii hakuhitaji kuitazama mara ya pili. Alishuka taratibu, goti la kushoto kwanza, akakiokota kile kipimo juu ya kitambaa.

"Hiki cha lori jingine ndicho kilichoidanganya geji. Nilikifunga mimi," alisema. "Kwa mikono hii."

"Kaka, maji yakimwagika hayazoleki."

"Najua."

"Basi acha. Mtoto anataka kulala usingizi, na wewe unataka mtoto. Mwambie mshale ulikuwa chini. Hata uongo si uongo hapo."

"Asante, fundi."

Fundi alifunga kipimo cha lori lenyewe, na hakutaka kulipwa. Konokono akashika barabara kuu kwenda mji wa binti yake. Jibu alikuwa nalo, limeshapigwa pasi: mshale ulikuwa chini. Maneno matatu tu, na binti yake angerudi kuwa binti yake. Angemtania tena kuhusu masikio. Angeweza hata kuja siku moja kumjibu hodi.

Barabara iliponyooka akakanyaga. Mshale ulisimama. Akakanyaga zaidi, mpaka kioo cha pembeni kikatetemeka na miti ikawa inapita haraka kuliko alivyoizoea, na mshale ukabaki umesimama. Lori lilikimbia. Lilikimbia kilima chote na tambarare yote, injini moto, halilalamiki. Alimpita dereva mmoja anayemfahamu, na yule bwana alitoa kichwa nje akasahau kupiga honi. Konokono hakumpungia mkono.

Binti alitoka mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, uso una mshangao.

"Shikamoo baba. Mbona umewahi hivi? Mimi nilikutarajia jioni."

"Marahaba."

Binti alilitazama lori. Injini ilikuwa inatoa joto mpaka lilimfikia pale alipo. Kisha akamtazama baba yake, na akashika ncha mbili za utepe.

"Fundi amesemaje?"

Maneno matatu yalikuwa mdomoni. Yalikuwa mepesi.

"Gari linaweza," alisema. "Geji ndiyo ilikuwa mbovu, na niliyeiharibu ni mimi. Linaweza, mwanangu. Hata siku ile lilikuwa linaweza."

Binti alikaa chini kwenye kizingiti, pole pole, kama anayetafuta sakafu.

"Ungenidanganya tu, baba," alisema.

"Najua."

Ndipo ule uchungu ulipofika, baada ya kuchelewa hivyo, mchana kweupe, uani kwa watu, funguo zikiwa bado mkononi. Alilia kwa sauti. Binti hakumwambia aingie, wala hakumwambia aondoke.