Rangi Mpya ya Pikipiki ya Marehemu

Nilipokuwa kijana kule Sotik, kabla sijajua kufanya kazi yoyote vizuri, tayari nilijua kuogopa kuifanya vibaya. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa Kisii kuja kuchuma majani chai, nami nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi. Gereji ya shamba ilikuwa nyuma ya nyumba zetu, na kupaka rangi nilijifunza kwa kutazama kupitia dirisha la gereji hiyo. Hakuna aliyenifundisha. Pengine ndiyo sababu sikuwahi kuwa na hakika. Aliyefundishwa akikosea huweza kumlaumu mwalimu wake. Mimi nikikosea nilikosa usingizi.

Nilianza kazi yangu mwenyewe kwenye kibanda kilichoegemea mashine ya kusaga posho, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwenye mashine alikuwa mzee wa kwetu, Msabato, mpole lakini mwenye mdomo. Aliniruhusu kufunga kompresa kuukuu kwenye belti ya injini yake, ili mahindi yakisagwa, tangi langu lijae upepo. Mpango huo ulikuwa na shida moja. Mashine ikisaga, unga ulijaa hewani, na unga ni adui wa rangi. Kwa hiyo nilijaza tangi asubuhi, nikangoja mzee azime injini aende kula, nikangoja unga utulie, halafu nikapuliza rangi kabla mvua ya mchana haijafika. Katika nchi yetu ya chai mvua hiyo haikosi. Ile rangi ya kukauka haraka ikikutana na hewa yenye maji, huota ukungu mweupe juu yake, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na ukungu huo haufutiki kwa kitambaa.

Upepo huo wa kugawana ndio ulionichagulia bunduki ya rangi. Nilikwenda Kericho, kwenye duka la vyuma la Mhindi mmoja, nikakuta bunduki mbili zimetundikwa ukutani. Moja ilikuwa kubwa, kikombe chake kikining'inia chini, ile niliyoiona gerejini ikipaka magari ya shamba. Nyingine ilikuwa ndogo, kikombe juu, ukiishika inafichika mkononi. Niliitaka ile kubwa. Nakiri kwamba sikuitaka kwa sababu ya kazi. Nilijiona nimesimama nayo mlangoni mwa kibanda, watu wakipita. Lakini nilijua kwamba ile kubwa ingemaliza upepo wa tangi langu kabla sijazunguka fremu, kisha ianze kutema matone. Tena fremu ya pikipiki ni mabomba membamba. Ukiipuliza kwa bunduki kubwa, rangi nyingi hupita pembeni na kuishia ukutani. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikawaza wiki nzima, nikaenda tena. Nilinunua ile ndogo, nikaifunga kwenye gazeti ili mtu asiione njiani.

Niliijaribu kwenye mabomba ya zamani mpaka mkono ukazoea. Unaanza kuutembeza mkono kabla hujabonyeza, na unaachia baada ya kupita mwisho wa bomba. Umbali ni shibiri moja. Unaanza na pembe na maungio, kule ambako jicho halifiki, ndipo unakwenda kwenye mabomba marefu. Rangi unaichuja kwa soksi ya nailoni na kuipuliza nyembamba, mara nyingi, kila tabaka likingoja lenzake. Mzee wa mashine alikuwa akisimama mlangoni akiwa mweupe kwa unga, akitikisa kichwa.

“Hiyo ni pikipiki,” aliniambia siku moja. “Wewe unaipamba kama bibi harusi. Nani atamuoa?”

Mama mmoja alinijia Jumatatu, mwezi wa kwanza, shule zikikaribia kufunguliwa. Pikipiki yake ililetwa juu ya pikapu ya maziwa, imelazwa kati ya mikebe. Ilikuwa ya kijani, na niliitambua kabla haijashushwa. Kila mtu kuanzia Kaplong mpaka kwetu angeitambua. Mume wake alikuwa mtu wa ng'ombe, yule aliyepita kila asubuhi na sanduku la mbegu za fahali za kupandikizia ng'ombe nyuma ya kiti. Watu wenye ng'ombe aliye kwenye joto walimtoa ng'ombe huyo mpaka barabarani, wakangoja na kamba mkononi. Waliposikia pikipiki na kuona ile kijani ikipanda mlima, walijua wamefikiwa. Alikuwa ameugua kwa muda mfupi, akafa kabla ya Krismasi.

Mama alinieleza bila kulia. Mtoto wake mkubwa alikuwa amepata kazi ya ualimu huko upande wa Sigor, mbali sana kwa miguu, na alitakiwa kuripoti Jumatatu iliyofuata. Pikipiki ilikuwa yake sasa. Lakini alipoipanda mara ya kwanza kwenda dukani tu, wanawake walitoka na ng'ombe. Hata wale waliokuwa kwenye mazishi walitoka. Miguu yao ilizoea, alisema. Walifika barabarani na kamba mkononi, wakamwona kijana badala ya baba, wakasimama tu. Bibi mmoja alishindwa kurudi nyumbani, akakaa chini palepale kando ya ng'ombe wake. Kijana aligeuza pikipiki, akaisukuma mpaka nyumbani, akasema heri aiache kazi kuliko kuipanda tena.

“Nataka ibadilike,” mama aliniambia. “Mtu akiiona kwa mbali, aone ni ya mtu mwingine. Jumapili ataichukua. Utaweza, kijana?”

Nilisema nitaweza. Nilimwogopa yule kijana asiyekuwapo, niliwaogopa wale wanawake wote, na niliiogopa ile kijani, isije ikabaki kwenye pembe moja ikachungulia. Mama alichagua buluu ya giza, iliyokaribia kuwa nyeusi.

Niliifungua pikipiki mpaka ikabaki fremu tupu. Niliisugua kwa msasa na maji mpaka nikadhani chuma kimeonekana kila mahali, nikaipa rangi ya kwanza, na hapo ndipo nilipoona kovu. Nyuma, kwenye bomba linalozunguka chini ya kiti, palikuwa na bonde lenye upana wa kidole gumba. Mkanda wa lile sanduku, na chuma chake, vilikuwa vimesuguana na bomba kwa miaka yote ile hadi vikalila. Bomba lilikuwa bado na nguvu. Lakini lilikuwa na kasoro, na mimi sikuweza kupita kasoro. Nilijaza bonde hilo kwa puti, nikasugua, nikajaza tena, nikafumba macho na kupitisha kidole mpaka kidole kisiweze kusema lilikuwa wapi. Nilifurahi sana. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: katika kazi ile yote, hapo ndipo nilipojisikia fundi.

Ijumaa adhuhuri fremu ilikuwa ikining'inia kwa waya kutoka kwenye boriti, buluu, bila tone, bila unga. Mama alikuja baadaye kidogo kuitazama. Alisimama mbali kwanza, kama mtu wa barabarani, akaitazama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasogea. Alipeleka mkono moja kwa moja nyuma, chini ya mahali pa kiti, akapapasa. Akapapasa tena, pole pole, mbele na nyuma. Nilidhani ametosheka na ulaini. Nikamweleza kwa majivuno jinsi nilivyopaziba.

Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

“Kila asubuhi nilikuwa nikimshikia sanduku,” alisema hatimaye. “Yeye anafunga mkanda, mimi nimeshika. Mkanda ulikuwa unalala hapo.” Mkono wake haukutoka kwenye bomba. “Mimi nilikuambia rangi, mwanangu. Watu wa mbali wasimwone. Sikukuambia umtoe.”

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya, kwa sababu hasira za watu nilizizoea. Nilisimama na kitambaa mkononi kama wale wanawake na kamba zao.

Nilimwambia nitaitoa ile puti. Alinikataza. Kijana anakuja Jumapili, alisema, na kazi imekwisha, iache. Lakini mkono wake bado ulikuwa unatafuta. Nilichukua kisu kidogo nikaanza kukwangua, na hakunikataza tena. Puti ilitoka vipande vipande, pamoja na ile buluu yangu nzuri, mpaka bonde likarudi, chuma kitupu, kijani kidogo kikiwa kimejificha ukingoni mwake. Nilipasugua tena, nikapapaka rangi ya kwanza. Nilipomaliza, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye chai.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Mashine isingewashwa, wala Jumapili mzee hakuwa na mahindi ya kusaga. Upepo wangu wote wa wiki ulikuwa ule wa jioni ile, na tangi lilikuwa karibu tupu. Nilikwenda kwa mzee, mama akinifuata, nikamweleza. Alikuwa ameshaanza kufagia unga apate kufunga kabla ya jua kutua. Alimtazama mama, akaweka ufagio chini.

“Jua halionekani kwa hii mvua,” alisema. “Lakini mimi najua liko wapi. Likifika pale, nazima.”

Injini ilinguruma bila mahindi. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nilipokea upepo uliotosha, nikapuliza lile bonde na kingo zake, tabaka jembamba, kisha jingine. Kisha nikaona ukungu ukija. Ulianza pembeni, ukatambaa, mpaka lile bonde likawa na weupe kama wa jicho la mtu mzee. Niliongeza tina, yale maji ya kuyeyushia rangi, kwenye kikombe ili nijaribu kuuyeyusha, na hapo injini ikazimika upande wa pili. Upepo uliobaki ungetosha kupuliza mara moja tu. Nikainua bunduki.

“Weka chini,” mama alisema.

Nilimwambia patabaki na alama. Kwenye rangi ya giza namna ile, mtu akikaribia ataona.

“Atakayekaribia ni mimi na mtoto wangu.” Akasogeza kidole gumba karibu na lile bonde, bila kuligusa, maana rangi ilikuwa bado mbichi. “Weka chini, upumzike.”

Niliweka chini. Mpaka leo, nikipita karibu na kazi yangu yoyote ya siku zile, naikumbuka amri hiyo kama kitu nilichopewa na ambacho bado sijajua kukitumia.

Jumapili baada ya ibada kijana alikuja, tukaunga pikipiki pamoja. Hakuwa mtu wa maneno. Aliliona lile bonde, akauona na weupe wake, akalifunga sanduku la vitabu vyake kwa mkanda uleule, nao ukalala hapo. Aliniomba nipande nyuma mpaka kwao, ili kama kuna kitu kitalegea tukijue mapema.

Tulipanda mlima. Mlio wa injini ulikuwa ni uleule, kwa hiyo niliona mgongo wake ukikakamaa kila tulipokaribia lango la boma. Mwanamke mmoja aliinuka shambani, akaweka kiganja juu ya macho. Alitazama buluu ikija, akainama tena kwenye mahindi yake. Kwenye lango lililofuata ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti, akilia kwa joto, na hakuna aliyekuja kumfungua. Tulipita nyumba baada ya nyumba hivyo, mpaka barabara ikawa tambarare.

Kijana alipunguza mwendo.

“Hakuna mtu ametoka,” alisema.

Nilimwambia ndiyo, hakuna. Nilingoja aseme neno lingine, nijue kama nimefanya vizuri. Aliendelea kuendesha, na kichwa chake hakikugeuka.