Kimya Katikati ya Miksi

DJ wa hapa Lurambi, jirani wa cherehani yangu, hata chai huinywa headifoni ikiwa kwenye sikio moja, bega limeinuka. Vidole vyake havitulii: hugonga meza, hugonga kikombe, juzi viligonga kichwa cha mteja. Katika kila miksi hupaza jina lake juu ya nyimbo za watu, kwa sauti nzito ambayo si yake, na huamini hapo zimekuwa zake nusu.

Wiki hii amechanganyikiwa, nami pia. Miksi aliyoiweka mtandaoni imenyamazishwa katikati, kwenye wimbo wa Mama Mideva, mwimbaji wa mtaa wetu, eti mwenye haki hajatoa ruhusa. Leo mchana Mama Mideva akaja mwenyewe.

"DJ, mbona siku hizi sijisikiangi kwa miksi yako? Si nilikupatia hiyo wimbo na mkono wangu, nikakuambia usambaze?"

"Ulinipatia, mama. Lakini wanasema ni ya wale walikurekodi."

"Kwani waliimba wao?"

DJ akakuna kichwa, akamfungulia miksi kwa simu. Tukainama sote watatu tukitazama mstari ukitembea bila sauti. Hata jina la DJ halikusikika. Mama Mideva alipochoka na ule ukimya akaanza kuimba, macho amefumba, wimbo wote ulivyo. Vidole vya DJ vikatulia, mara ya kwanza tangu nimjue. Akatazama simu, akatazama barabara, kisha akainuka akarudisha mlango.

"Punguza sauti, mama," akamnong'oneza. "Wasije wakasikia."