Udongo wa Pale Wanapochimba Tembo

Mimba yangu ya kwanza ilitaka udongo, na si udongo wowote. Ule wa vijiti wanaouza sokoni Karatu niliuona kama chaki ya mwalimu. Nilitaka ule mwekundu wa kwenye genge la mlima, juu ya kijiji, ndani ya mpaka wa msitu, pale tembo wanapochimba kwa pembe wakitafuta chumvi. Wamechimba miaka na miaka hadi genge limeliwa kwa chini, juu likabaki limening'inia na mizizi yake. Nesi wa kliniki alitukataza kula udongo. Tulimwitikia vizuri, tukatoka tukitafuna.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, niliolewa hapa kwa Wairaqw. Mume wangu ni mpishi wa kambi za watalii, na wakati ule alikuwa akikaa kazini wiki tatu, nyumbani siku nne. Aliyeniuguza mimba ile ni mdogo wake wa kike, wifi yangu, msichana wa miaka kama ishirini, mcheshi na mkaidi kama punda. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya gengeni.

Safari ya kwanza tuliogopa sawasawa. Tulikwenda saa saba mchana, maana tembo huja zaidi jioni na alfajiri. Wifi aligusa kinyesi chao kuona kama kina joto. Nilichota udongo haraka haraka, tukashuka mbio tukicheka. Safari ya pili tulipiga soga njiani. Tumbo lilipokuwa zito akaanza kwenda peke yake, akiimba nyimbo za kwaya, na kila mara aliingia ndani zaidi, kwa sababu udongo usio na mchanga ulikuwa ndani. Mazoea yana tabu. Kila aliporudi salama nilihesabu kwamba hatari imepungua.

Watu wa huku wanacheza na roho zao kila siku na hakuna anayeshangaa. Wanakata kuni penye nyati, wanapanda juu ya magunia kwenye malori ya kwenda Wasso. Ukiwauliza watakwambia ni shida, na mara nyingi ni kweli. Sisi hatukuwa na shida.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, jua ndiyo kwanza limetoka. Wifi alikuwa anafua. Nilimwambia nataka udongo, akaniuliza kama siwezi kusubiri kukauke. Nikanuna. Mjamzito akinuna, nyumba nzima inanyamaza. Akaanika nguo ya mwisho, akachukua mfuko.

"Naenda narudi, wifi," alisema. "Usije ukatuzalia mtoto mwenye sura hiyo."

Saa kumi alikuwa hajarudi. Nilipiga yowe, wanaume wakapanda na majembe, wakigonga madebe kufukuza tembo. Hapakuwa na tembo hata mmoja. Genge ndilo lililomwangukia. Mwishoni waliweka majembe chini wakamfukua kwa mikono, wasije wakamuumiza, ingawa wote walikuwa wameshajua.

Msibani kila mtu alinifariji kwa maneno yale yale, kwamba si mimi, ni mimba ndiyo iliyotaka. Niliyapokea yote.

Siku ya nne baada ya mazishi mama mkwe alikuwa jikoni kwangu akinipikia uji. Alikuwa anatafuta sukari. Akafungua kopo moja kwenye rafu, akakuta udongo mwekundu umejaa hadi juu.

"Huu ni wa lini?"

"Wa wiki ile kabla ya msiba, mama."

Alisimama na kifuniko mkononi. "Sasa ulimtuma nini?"

Niliangalia uji ukichemka. Jibu ninalo, na ni la aibu. Mume wangu hakuwa amenipigia simu wiki nzima, nami nilitaka tu kuona mtu akiinuka kwa ajili yangu. Nadhani wifi naye alijua kwamba sikuwa na hamu ya udongo siku ile, na bado akaenda, kwa sababu alinipenda.

Mama mkwe akafunika kopo, akalirudisha mahali pake. "Mwanangu asijue," alisema, akakoroga uji, akanipa. Niliunywa wote.

Mtoto sasa ana miaka tisa. Ana jina la shangazi yake, bibi yake, mama mkwe, ndiye aliyelitaka. Mume wangu hajui mpaka leo. Bibi huja kila Jumapili baada ya ibada, na amekuwa mpole kwangu kuliko zamani, na upole huo ndio unaonitisha. Akiwa uani huliita jina lile kwa sauti, mara tatu, mara nne, hata mtoto akiwa amesimama mbele yake anaitika. Mimi hutoka nikasimama mlangoni, nikingoja ageuke aniangalie. Hajageuka hata siku moja.